Ukuta wa Maneno Yaliyotukwaza

Nilichora nyenzo ubaoni: mtaimbo mrefu, jiwe kubwa upande mmoja, kijiwe kidogo kimeegeshwa chini ya mtaimbo, na mtu anakandamiza upande wa pili. Nikauliza, "Haya, jitihada iko wapi hapa?" Kijana wa dawati la tatu akasimama, akaweka mikono nyuma kama walivyozoeshwa, akajibu bila wasiwasi: "Iko kwenye ripoti, mwalimu."

Darasa halikucheka, na hapo ndipo nilipopata shaka. Watoto 118 wa darasa la tano, ambao hucheka hata mwenzao akiangusha kalamu, walitulia tuli wakisubiri niseme "mpigieni makofi." Kwao jibu lilikuwa sahihi. Kila mwisho wa muhula ripoti zao zinaandikwa kwa wino mwekundu, "Ongeza jitihada," na hilo ndilo neno walilolijua tangu darasa la kwanza. Wengine walilijua kwa fimbo.

Cha kuudhi zaidi, neno lenyewe lilikuwa ukutani. Lilikuwa nyuma ya kichwa chake, kwa wino wa kijani, na maana yake imenakiliwa kutoka kitabuni: "Jitihada ni kani inayotumika kuinua mzigo." Nililiandika mimi, kwa mkono wangu, na karatasi ya manila nilinunua kwa fedha yangu.

Ilikuwa Julai 2020. Shule za msingi zilikuwa zimefunguliwa tena tarehe 29 Juni, baada ya miezi zaidi ya mitatu ya kufungwa kwa ajili ya korona. Hawa ndio watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 2016, mwaka elimu bila ada ilipoanza kutekelezwa na wazazi wakaleta hata wale waliokuwa wakichunga. Shule yetu iko Usukumani, si mbali na ziwa, na chumba chetu tulikigawana kwa zamu: darasa la tano asubuhi, darasa la tatu mchana. Mimi ni mtu wa Tanga. Kiswahili ndiyo lugha ya mama yangu, na kwa kweli nilikwenda kule nikidhani nimebeba kitu ambacho watoto wa pale hawana.

Wakati wa korona, kazi yangu ilikuwa kupalilia mihogo jioni na kutengeneza chati mchana. Nilitengeneza chati 14. Maneno yalipangwa kwa alfabeti, kila neno na maana yake, pembeni nimezungushia maua. Usanisinuru, umbijani, mmeng'enyo, takamwili, mnururisho, yote yalikuwapo. Nilizitundika juu kabisa, karibu na mwisho wa ukuta, kwa kuwa nilijua wa zamu ya mchana wakizifikia watazichana. Mdhibiti ubora wa shule alipopita aliandika kwamba mazingira ya darasa yanavutia. Hakukosea. Yalivutia kama pazia la sebuleni linavyovutia, na hakuna mtu anayesoma pazia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda shuleni peke yangu, nikakaa kwenye dawati la mwisho kabisa, lile ambalo ubao wake mmoja umeng'oka. Nikatazama ukuta wangu. Niliona mistari ya kijani. Mwandiko ule nilikuwa nimeuandika kwa ukubwa wa mwandiko wa daftari, ukiongeza kidogo, na kutoka pale nilipokaa sikuweza kusoma hata neno moja zaidi ya kichwa cha habari: MSAMIATI WA SAYANSI. Nami nina macho mazima.

Jumatatu nikawapa kazi ambayo sikuwa nimewahi kuwapa. Kila dawati lilikuwa na kitabu kimoja. Nikawaambia wasome ukurasa wa nyenzo, kimyakimya, na kila mmoja aandike kwenye daftari neno lolote ambalo akiulizwa na bibi yake nyumbani hataweza kumweleza. Kusoma walikuwa wanajua. Kusoma kwa sauti, namaanisha. Wengi wao walisoma kama redio, bila kukwama, na ukimsikia ukiwa nje ya dirisha ungesema huyu ameelewa. Nilitarajia daftari zijae maneno marefu.

Zilijaa kweli. Karibu wote waliandika "manufaa ya kimakanika," na mmoja aliandika "kimaka" tu akaacha hapo. Lakini nilipopitia daftari zile usiku kwa taa ya sola, kilichonikamata ni maneno ambayo hayakuandikwa na mtu. Hakuna aliyeandika jitihada. Hakuna aliyeandika mzigo, wala kazi, wala daraja, ambalo kitabuni ni aina ya nyenzo. Kesho yake nikawauliza kwa mdomo: nyenzo daraja la kwanza ni ipi? Binti mmoja, mwerevu sana, akasema ni nyenzo inayotumika kujengea daraja la kwanza, lile la karibu na mnadani, kabla ya daraja la pili. Hapo akili yake ilikuwa imefanya kazi kubwa kuliko yangu: amesoma sentensi ambayo kwake haina maana, akaitafutia maana inayosimama. Nyenzo ni vifaa. Daraja ni daraja. Sasa kosa lake liko wapi?

Neno geni hubisha hodi. Ukiliona "umbijani" unajua huyu si wa hapa, unamuuliza ametoka wapi. Neno la nyumbani linaingia moja kwa moja hadi jikoni, na hakuna anayelikagua. Ukuta wangu ulikuwa umejaa wageni wanaobisha hodi, na wale wenyeji waliotuibia nilikuwa nimewapa nafasi ileile, mwandiko uleule, kana kwamba ugumu wa maneno yote ni wa aina moja.

Nikaanza kuwahesabu. Kazi: kwa mtoto, kusukuma ukuta mpaka jasho likutoke ni kazi; kwa kitabu, ukuta usiposogea hujafanya kazi yoyote, maana kazi ni kani mara umbali. Jaribu kumwambia hivyo mtoto ambaye baba yake anashinda kutwa na gunia la mpunga kichwani akisubiri gari. Mkondo: kwenye umeme ni kile kinachopita kwenye waya, mtoni ni maji yanayokimbia, na shuleni ni Darasa la Tano mkondo B. Niliuliza swali la mkondo wa umeme, nikajibiwa "mkondo A," kwa sababu mkondo A ndio wenye taa. Uzito, ambao dukani ni kilo na kitabuni si kilo. Hata "joto," ambalo kwa mgonjwa ni homa.

Na msafara. Hili nitalikumbuka. Joto husafiri kwa mpitisho, kwa msafara na kwa mnururisho. Kila mtoto anakariri hivyo. Nikawaambia wachore jinsi maji yanavyopata joto kwa msafara. Zaidi ya nusu walichora magari. Landkruza zimefuatana, bendera mbele, polisi wa pikipiki, na mmoja akaweka watu barabarani wanapunga mikono. Miezi michache kabla msafara wa kiongozi ulipita barabara kuu, na shule nzima ilipelekwa kusimama juani.

Nilitaka kukasirika. Kisha nikatazama ule mchoro vizuri. Mwanzoni mwa wiki nilikuwa nimechemsha maji kwenye sufuria na majani ya chai ili waone yanavyopanda katikati na kushuka pembeni, yakifuatana bila kukatika. Nikachukua mchoro wa magari, nikaubandika kando ya mchoro wa sufuria, nikauliza: vimefanana wapi? Kimya. Halafu sauti ya nyuma: "Vinafuatana, mwalimu. Wa mbele akiondoka, wa nyuma anachukua nafasi yake." Nikamuuliza na mpitisho je? Akafikiri. "Mpitisho hawaondoki. Wanapitishiana tu, kama ndoo za maji." Sijawahi kupata maelezo bora ya mpitisho na msafara, na mimi chuo cha ualimu nilikaa miaka miwili.

Kwa hiyo chati 14 zikashuka. Nilizipindua, nikaandikia upande wa pili.

Zilipoisha ikabidi nitafute karatasi kwingine. Ruzuku iliyofika shuleni wakati ule ilikuwa shilingi 6,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kabla haijafika kwenye manila ilikuwa imeshapita kwenye chaki, mitihani na ukarabati. Bahati nzuri wananchi walikuwa wanajenga boma la darasa jipya, nikaenda kwa fundi kuomba mifuko ya saruji. Mfuko wa saruji una karatasi za ndani, za kaki, ngumu, zisizopasuka ovyo. Ukiukung'uta vumbi vizuri na kuukata unapata kadi sita kubwa. Fundi alinishangaa. "Mwalimu, unajenga?" Nikamwambia najenga ukuta.

Gundi tulipika kwa unga wa muhogo. Hilo lilikuwa kosa, na natoa taarifa kwa yeyote anayefikiria kulirudia. Panya walikuja usiku. Walikula "umbijani" wakabakiza "um." Baada ya hapo nikapigilia misumari miwili kila upande, nikafunga kamba ya katani ukutani, usawa wa kifua cha mtoto, si juu ya kichwa chake, na kadi zikaning'inizwa kwa vibanio vya nguo. Kadi ikawa kitu unachoweza kukishika, kukitoa na kwenda nacho kwenye dawati. Mabadiliko haya madogo ya kimo cha kamba yalifanya zaidi ya chochote nilichojaribu mwaka ule.

Kila kadi ilikuwa na neno moja tu, herufi zenye upana wa vidole viwili. Chini yake mstari wa kugawa: upande wa kushoto "Nyumbani," upande wa kulia "Sayansi." Hakuna maana iliyonakiliwa kitabuni. Michoro, na sentensi moja ya mtoto mwenyewe. Jitihada: kushoto, ripoti yenye wino mwekundu, kulia, mkono unaokandamiza mtaimbo, na sentensi, "Jitihada yangu iko hapa ninapokandamiza." Daraja: kushoto daraja la mnadani, kulia mtaimbo, toroli na fimbo ya kuvulia samaki, namba moja, mbili, tatu, kila kimoja na kitu kilichokaa katikati. Kwenye mtaimbo ni egemeo, yaani kile kijiwe unachoegemea, kwenye toroli ni mzigo, kwenye fimbo ni jitihada. Yule binti wa daraja la mnadani ndiye aliyeichora.

Wageni wanaobisha hodi niliwapa kadi za namna nyingine, na hapa Kiswahili chenyewe kilinisaidia. Maneno haya marefu yaliundwa na watu waliokaa wakafikiri. Tangu Kiswahili kilipowekwa kufundishia shule za msingi mwaka 1967, mwaka uleule BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ilipoundwa, kuna watu wameketi mezani wakijiuliza hiki tukiiteje. Kazi yao inaonekana ukilikata neno. Tukalikata. Usanisinuru ilikuwa kadi tatu zilizobanwa pamoja: u, sanisi, nuru. Sanisi ni kuunda kitu kwa kuunganisha vitu. Nuru wanaijua, wengine wana dada anaitwa Nuru. Siku tuliyofika kwenye mnururisho, sikusema neno. Mtoto alinyanyuka mwenyewe, akachomoa "nuru" kutoka kwenye usanisinuru, akaipeleka kwenye kadi mpya. "Ni huyuhuyu, mwalimu."

Basi ikawa mchezo. Pitisha, mpitisho. Jongea, mjongeo. Meng'enya, mmeng'enyo. Tonesha, mtonesho. Wakagundua kwamba ukichukua kitendo, ukakitia "m" mbele na "o" nyuma, mara nyingi unapata jina la jambo lenyewe. Kijana mmoja akauliza kwa unyenyekevu wa uongo: "Na mdomo, mwalimu?" Mwenzake akamjibu kabla yangu: "Kudoma ni kufanyaje?" Darasa likaanguka kwa kicheko, na kwa wiki nzima uwanjani nilisikia watoto wakitishiana kudomana. Lakini kanuni ilikuwa imeingia: kabla hujaliogopa neno, tafuta kitendo kilichojificha ndani yake. Na wakisoma walianza kusimama kwenye neno refu badala ya kulirukia kama shimo.

Kuna suala la Kisukuma. Shuleni kwetu kulikuwa na kibao cha mti ambacho mtoto akisikika anaongea kilugha anavishwa shingoni mpaka amsikie mwingine. Mimi wa Tanga sikuwahi kuona tatizo la kibao kile, kwa kuwa kisingenifika. Tulipofika kwenye uvukizaji nilieleza kwa maji ya sufuria, kwa nguo zilizoanikwa, kwa dimbwi la uwanjani linalokauka. Walinitazama tu. Mwisho binti mmoja akamnong'oneza jirani yake neno moja, na jirani akatikisa kichwa kama mtu aliyewashiwa taa. Nikamwomba alirudie kwa sauti. Aligoma, akijua kibao kiko wapi. Nikamwambia leo kibao kiko likizo. Akasema: "Michembe."

Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa vikauke, ili viliwe wakati wa njaa. Matobolwa ni vile vinavyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa. Kila mtoto mle ndani alikuwa amekaa na bibi yake juu ya jiwe akigeuza michembe. Walijua kwamba siku ya upepo inakauka haraka kuliko siku ya mawingu, kwamba vipande vyembamba hutangulia vinene, kwamba ukirundika chini hapakauki. Yote hayo yako kwenye sura ya uvukizaji: upepo, joto, eneo la uso. Walikuwa wanayajua tangu hawajaanza shule. Walichokosa ni kuambiwa kwamba kitu kile na hiki ni kimoja.

Neno michembe likapanda kambani, upande wa "Nyumbani." Mwenzangu mmoja ofisini, mkubwa kwangu kwa miaka na kwa cheo, hakupenda. "Mwalimu, sisi tunawatoa kijijini, wewe unawarudisha." Sikubishana naye, maana ni mtu mzima na nia yake haikuwa mbaya, yeye mwenyewe ni Msukuma aliyevishwa kibao hicho utotoni. Nilimwalika aje asikilize somo. Alikuja, akasimama mlangoni dakika kama tano. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata alinitumia mtoto na kifuko cha matobolwa, na hadi leo sijui kama ile ilikuwa pongezi au zawadi tu ya Ijumaa.

Sasa kuhusu kusoma kwenyewe, maana kadi zikining'inia bila kitabu ni mapambo mapya badala ya mapambo ya zamani. Nilikuwa nasoma aya moja fupi, sentensi nne au tano. Mara ya kwanza nasoma mimi, wao wanafuatisha kwa kidole. Mara ya pili wanasoma wao kwa dawati, na kila wakikuta neno lililoko kambani, mmoja anakwenda kulichukua na kulishika juu. Kabla hatujaendelea aseme: hapa ni la nyumbani au la sayansi? Mara nyingine ni la nyumbani hata ndani ya kitabu cha sayansi, na hilo lilikuwa linawafurahisha, kukikamata kitabu kinatumia "kazi" kama bibi anavyoitumia. "Kazi ya moyo ni kusukuma damu." Wakabishana: hiyo kazi ina kani mara umbali au haina? Niliwaacha wabishane. Kengele ililia wakiwa bado, nami sikuwa na hamu ya kuwaamulia.

Kwenye ubishi huo ndipo yalipojitokeza maneno ya kundi la tatu, ambayo sikuyawazia kabisa. Si ya sayansi wala ya nyumbani. Ni misumari inayoshika sentensi. Isipokuwa. Endapo. Ilhali. Kutokana na. Kadiri. Chukua sentensi hii: "Kadiri jitihada inavyokuwa mbali na egemeo, ndivyo inavyopungua." Jitihada tumeimaliza, egemeo tumelimaliza, na bado nusu ya darasa hawakujua ni nini kinapungua na kwa sababu gani. Wanasoma "kadiri" kama wanavyosoma nukta.

Nilichukua kamba. Watoto wawili wakashika ncha, mmoja amebeba kadi ya "kadiri," mwingine "ndivyo." Kadiri akipiga hatua moja, ndivyo lazima ajibu: ama asogee naye, ama arudi. Tukatoka nje na mtaimbo halisi wa fundi na jiwe halisi. Shika karibu na egemeo: mtoto anajikunja, jiwe halinyanyuki. Shika ncha kabisa: jiwe linanyanyuka na kidole. Kadiri unavyokwenda mbali, ndivyo jitihada inavyopungua. Tukarudi ndani kusoma sentensi ileile, na nilisikia sauti zao zikibadilika kwenye "ndivyo," zikipanda kidogo, kama mtu anayejua kwamba jambo lililosalia linakuja.

"Isipokuwa" haikupata mchezo wowote. Niliiandika kwa wino mwekundu, herufi kubwa kuliko zote, ikakaa peke yake juu ya mlango. "Zifuatazo ni sifa za viumbe hai isipokuwa." Nimesahihisha karatasi nyingi za watoto wanaojua sifa zote za viumbe hai na wakakosa swali kwa sababu walichagua sifa ya kwanza waliyoitambua. Ukikosa hivyo, matokeo yatasema hujui sayansi.

Nilikosea mengi. Mwisho wa mwaka kamba zilikuwa nne na kadi zaidi ya sabini, tukarudi kulekule kwenye pazia. Mtoto akitafuta neno anapotea kama mtu aliyeingia gulioni bila orodha. Nikapunguza hadi kadi 12 kwa wakati mmoja. Neno ambalo darasa limekubaliana kwamba limeiva lilishushwa na kutiwa kwenye kiroba kilichoning'inia pembeni, na Ijumaa tulitumbukiza mkono tukachomoa lolote. Lisiloelezeka lilirudi kambani, bila aibu. "Egemeo" lilirudi mara tatu. Na wale wa zamu ya mchana, niliowaogopa, hawakuchana kadi hata moja mara tu mwalimu wao alipopewa kamba yake mwenyewe chini ya ile yetu. Walizipanga kwa rangi. Sijui kwa nini.

Nilipanda na watoto wale hadi darasa la saba. Agosti 2022 ulifika mtihani wa utamilifu, ule wa majaribio kabla ya mtihani wa taifa, na kama kawaida chumba cha mtihani hakitakiwi kuwa na maandishi yoyote ukutani. Jioni ya kuamkia siku hiyo tulishusha kila kitu: kamba, vibanio, kiroba, "isipokuwa" ya juu ya mlango. Zikabaki alama za misumari na mabaka meupe ya ile gundi ya muhogo ya mwaka wa kwanza.

Msimamizi alitoka shule jirani. Baada ya mtihani wa sayansi alinifuata chini ya mwembe, amekunja uso. "Mwalimu, watoto wako wana nini? Kila baada ya swali wanageuka kutazama ukuta mtupu. Nimekwenda kuukagua mara mbili, nikidhani mmeandika kitu kwa penseli."

Nilijisikia vizuri sana, nisifiche. Nikaona kumbe kadi zimehamia vichwani. Nikamwita yule kijana wa "iko kwenye ripoti," ambaye sasa sauti ilikuwa inaanza kuvunjika, nikamuuliza alikuwa anatazama nini. Akanionyesha kupitia dirishani: msumari wa pili kutoka pembe ya kushoto.

"Pale, mwalimu. Lilikuwa pale. Niliona kabisa na kibanio chake cha bluu." Akakuna shingo. "Lakini sikukumbuka linasema nini."

Keshokutwa yake asubuhi, kabla ya kengele, nilifunga kamba upya. Kisha nikachanganya kadi zote, na nilichukua vibanio vya bluu nikavipeleka nyumbani.